65: filamu ya porini isiyolijua pori

Mtu akinisimulia hadithi ya filamu ya 65 kwa mdomo, naacha ninachofanya nikae kumsikiliza. Rubani wa sayari ya mbali anasafirisha abiria waliolazwa usingizi wa baridi. Mawe ya angani yanakipiga chombo, kinaanguka na kukatika vipande viwili, na abiria wote wanakufa isipokuwa binti mdogo mmoja. Mahali walipoangukia ni hapahapa duniani, miaka milioni 65 iliyopita, msitu umejaa dinosaria. Rubani na binti hawana lugha ya kuelewana. Chombo kidogo cha kujiokolea kimebaki kwenye kile kipande cha pili, juu mlimani, na hakuna njia ya kukifikia ila kutembea. Na kimondo kikubwa kiko njiani kuja kumaliza kila kitu.

Mtu mzima na mtoto, kwa miguu, katikati ya wanyama wanaokula nyama. Hiyo ndiyo kazi ninayoijua. Naongoza matembezi ya miguu katika Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019, na nimezaliwa mkoa wa Lindi, ambako mifupa ya dinosaria ilifukuliwa kabla babu yangu hajazaliwa. Nilikuwa na sababu mbili za kuipenda filamu hii kabla sijaiona. Nimeshaitazama zaidi ya mara moja, peke yangu na pamoja na wenzangu wa kambini, na kila mara naumia palepale: walioitengeneza walikuwa na pori mkononi, wakaligeuza kuwa pazia la nyuma.

Imeandikwa na kuongozwa na Scott Beck na Bryan Woods, walewale walioshirikiana na John Krasinski kuandika A Quiet Place ya mwaka 2018, ambayo watu wake wanaishi kwa kunyamaza kwa sababu madude yanayowawinda husikia kila kishindo. Miongoni mwa watayarishaji yumo Sam Raimi, mwongozaji wa filamu za kwanza za Spider-Man. Ilitoka Marekani tarehe 10 Machi 2023. Adam Driver ni Mills, rubani. Ariana Greenblatt ni Koa, binti. Ina dakika 93, na hao wawili wanaibeba karibu yote. Kwa watu waliowahi kuandika filamu nzima juu ya kusikiliza, nilitegemea msitu unaosikika.

Badala yake Mills ana kifaa. Kinapima mwendo wa viumbe vilivyo karibu, kinalia, na kinachora hewani kwa mwanga umbo la eneo lililo mbele. Kikilia, tunajua hatari ipo. Kikinyamaza, tunapumua. Tangu kilipowashwa sikuwa na haja tena ya kuutazama msitu, na Mills naye hakuwa nayo.

Hapo ndipo filamu ya kuokoka porini inapopoteza kazi yake yenyewe. Asubuhi ukitoka kambini na wageni wako nyuma na askari mwenye bunduki mbele, habari zote ziko nje, zinamsubiri anayejua kuzisoma. Kundi la swalapala limeacha kula, wote wameelekeza masikio upande mmoja, dume anapiga chafya: kuna kitu kwenye zile nyasi. Nyani anabweka juu ya mkuyu na haachi: chui, na hajaondoka. Ndege wala kupe wanaruka ghafla kutoka kichakani wakipiga kelele: rudi nyuma polepole, kuna nyati amelala pale na sasa ameamka. Kinyesi kina joto au kimeshapoa? Kingo za nyayo bado ni kali, au mdudu ameshapita juu yake akaacha mstari wake? Tunabeba kifuko cha majivu, unakigonga kidogo kwa kidole, majivu yanakuonyesha upepo unaelekea wapi. Ukiwa na upepo mgongoni, tembo ameshakujua kabla wewe hujamjua.

Hebu fikiria Mills akilazimika kujifunza hayo kwa siku chache, katika nchi asiyoijua, kwa wanyama asiowahi kuwaona. Rubani anayezoea kusoma mitambo, sasa anasoma matope. Anakosea mara ya kwanza, mara ya pili anasita, mara ya tatu anamshika Koa bega kabla hatujaona chochote, na sisi watazamaji tunasimama naye kwa sababu tumejifunza pamoja naye. Filamu ingeweza kukiharibu kile kifaa katika dakika ya kumi na ingekuwa bora mara nyingi. Bunduki yake ya ajabu nayo ingeishiwa nguvu mapema. Silaha ya namna ile inamfanya mtu atembee kama mwenye nyumba, na kwa muda mrefu wa filamu ndivyo Mills anavyotembea.

Kisha wanyama wenyewe. Karibu kila dinosaria tunayemwona ni mla nyama. Wanatoka kwenye miti, kwenye mapango, kwenye giza, na wote wana jambo moja tu kichwani, kumshambulia Mills. Mpishi wetu wa kambini, mzee aliyeanza kazi enzi za kambi za uwindaji, alitazama kimya mpaka katikati, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hawa wanakula nini siku ambazo huyu bwana hayupo?" Sikuwa na jibu, na filamu haina. Nyuma ya kila kundi la simba kuna mamia ya nyumbu, pundamilia na nyati. Nyuma ya hao kuna majani, maji, na mapito yaliyokanyagwa miaka na miaka kati ya majani na maji. Mahali penye wala nyama wengi na wala majani wachache hapaishiki hata mwezi. Na kwa filamu hasara yake ni kubwa zaidi ya kosa la elimu ya viumbe: pasipo wala majani, hakuna wa kutuonya, hakuna wa kukimbia kabla yetu, hakuna utulivu ambao ukivunjika moyo unaruka.

Halafu wananguruma. Wananguruma kabla ya kuuma, wananguruma wakikosa, wananguruma usoni mwa mtu mdomo wazi. Simba anayewinda hangurumi. Simba hunguruma usiku kuwaita wenzake au kuwajulisha wageni kwamba eneo lina wenyewe. Anapowinda analala chini mpaka tumbo linagusa ardhi, na kitu pekee kinachosogea ni ncha ya mkia. Mtu aliyewahi kuona macho ya simba yakitokea ndani ya nyasi alizokuwa akizitazama muda wote atakuambia kwamba hakuna ngurumo inayotisha kama ile. Waliotengeneza 65 wana fedha za kuumba mnyama wa urefu wowote, na hawakumpa hata mmoja subira ya namna hiyo.

Jambo jingine. Mla nyama huogopa jeraha kuliko njaa. Teke moja la pundamilia likivunja taya ya simba, huyo simba amekwisha, atakufa polepole. Kwa hiyo anapima, anazunguka, anaacha. Na hawa dinosaria hawajawahi kumwona binadamu. Kiumbe mwenye miguu miwili, hana mkia, ana harufu ya chuma na moto wa chombo kilichoanguka, anatoa sauti zisizojulikana. Mnyama wa kweli angesita. Wengine wangemkimbia. Wengine wangemfuata kwa udadisi, kwa mbali, siku nzima, bila kuamua. Nimeshafuatwa na fisi kwa namna hiyo, na nakuhakikishia kwamba kumtazama mnyama anayejiuliza wewe ni nini kunakausha koo kuliko mnyama aliyeshaamua. Dinosaria wa 65 wameshaamua wote kabla hawajaingia kwenye picha.

Kuna kipande kimoja ambacho filamu inalipata pori, na ndicho kinachonifanya nisiitupe. Koa anamkuta dinosaria mchanga amenasa kwenye lami nyeusi ya ardhini. Anataka kumwokoa. Mills anasita, kisha anasaidia. Wanamvuta mpaka anatoka, anasimama, anaenda zake, na sekunde chache baadaye kundi la wala nyama wadogo linamrukia na kumla. Koa anatazama. Hakuna anayesema neno. Kipande hicho kinajua jambo ambalo kila anayefanya kazi porini analijua, kwamba huruma yako haibadilishi mpangilio wa chakula, na bado hukukosea kuwa na huruma. Nilitamani filamu ikae hapo kidogo, imwache yule binti afikiri. Inaondoka haraka kwenda kwenye hatari inayofuata.

Kipande cha mdudu nacho kimetengenezwa vizuri. Usiku, Koa amelala mdomo wazi, mdudu anaingia. Wenzangu wote kambini walishika midomo yao. Ni kitu kidogo, kinaweza kutokea, hakingurumi, na hakina uhusiano wowote na ukubwa wa meno. Katika filamu iliyojaa majitu, kilichotuinua vitini ni mdudu.

Kuhusu safari yenyewe, sikuihisi. Mlima unaonekana kwa mbali, baadaye wako karibu, baadaye wamefika. Kiu haiwasumbui kiasi cha kubadilisha njia. Sisi njia yetu yote huamuliwa na maji: wapi yapo, nani mwingine anayategemea, saa ngapi ni salama kuyakaribia, mto una mamba upande gani. Tunaondoka alfajiri na kurejea kabla jua halijakaza, kwa sababu mtu aliyechoka kwa joto hasikii na hatazami. Mills anaanza safari akiwa na jeraha la ubavuni alilolipata chombo kilipoanguka. Jeraha la ubavuni, kwenye joto na unyevu wa msitu wa namna ile, lingepaswa kuwa hadithi nzima: inzi, homa, mtoto anayelazimika kumfunga mtu mzima. Hapa linauma pale mwandishi anapolihitaji na linasahaulika pale anapohitaji mbio. Adam Driver anajitahidi. Ana mwili unaoonyesha uchovu, uso unaobeba huzuni bila maneno, na anapoinama kumsikiliza yule mtoto unamwamini. Kosa si lake. Amepewa mtu asiyechoka.

Sasa Koa, kwa maana hapo ndipo nina neno zito zaidi.

Mtambo wa kutafsiri umeharibika. Mills anazungumza lugha yake, ambayo kwetu inasikika kama Kiingereza, na Koa anazungumza yake, ambayo haitafsiriwi. Tunabaki upande wa Mills muda wote, tukimwona Koa kwa nje. Uamuzi huo ungeweza kuwa na nguvu kubwa kama filamu ingekaa kwenye kazi ya kuelewana. Mimi huongoza watu ambao baadhi yao hatuna hata maneno ishirini ya pamoja, na wakati mwingine wana watoto. Kabla ya kuvuka geti la kambi tunakubaliana ishara: kiganja juu, simama. Kiganja chini, chuchumaa. Vidole viwili kwenye macho, tazama pale. Mtoto huzishika haraka kuliko wazazi wake, na mara nyingi siku inayofuata ameshabuni zake na anakufundisha wewe. Katika 65 ishara chache zipo, na maneno machache wanayofundishana yapo, na upo mluzi wa viganja kati yao. Mluzi ule ni mzuri kweli. Ungeweza kuwa lugha yao nzima. Filamu inautumia mara chache, kisha inarudi kwenye kukimbia.

Lililoniumiza zaidi ni uongo. Wazazi wa Koa wamekufa kwenye ajali. Mills anajua. Ili mtoto akubali kutembea, anamwambia kwamba familia yake iko kule mlimani. Mtu mzima anamdanganya yatima juu ya wazazi wake ili amwokoe, na hana lugha ya kumweleza baadaye kwa nini. Kwangu hilo lilikuwa zito kuliko Tyrannosaurus yeyote, yule dinosaria mla nyama mkubwa. Koa anapogundua, anakasirika, ana haki ya kukasirika, na Ariana Greenblatt, akiwa bado mtoto, anaicheza hasira hiyo kwa macho na mabega tu kwa namna ambayo waigizaji wengi wazima hawawezi. Halafu mnyama anatokea, na ugomvi unakwisha kwa sababu hakuna muda wa kugombana. Filamu imejipa swali gumu na kuliruka.

Na sababu ya kuliruka inaonekana. Mills naye ana binti, Nevine, aliyekuwa mgonjwa. Safari hii ya miaka miwili aliikubali ili apate fedha za matibabu yake. Ujumbe wa video wa Nevine unarudi mara kwa mara, na kupitia huo tunajua kwamba amefariki baba yake akiwa safarini. Ni huzuni ya kweli, sina ubishi nayo. Lakini filamu inamtumia Koa kama dawa ya huzuni hiyo. Nevine anapewa sauti, anapewa maneno tunayoyaelewa, anapewa kicheko na ufukwe wa bahari nyumbani kwao. Koa, aliye hai, anayetembea mbele yetu, aliyepoteza baba na mama, hapewi hata picha moja ya nyumbani kwake tunayoweza kuishika. Mtoto wa watu hawezi kuwa badala ya mtoto wako aliyekufa. Ana marehemu wake mwenyewe wa kulia.

Nawaza mara nyingi jinsi filamu hii ingekuwa kwenye banda la video, kwa wale wasimulizi wetu wanaotafsiri juu ya sauti ya waigizaji. Msimulizi mzuri humpa kila mtu maneno. Angempa Koa maneno. Watoto waliokaa chini mbele ya televisheni wangejua anamwita mama yake, na ukumbi mzima ungekuwa upande wake. Nasema hivyo kwa heshima yote kwa kazi ile: mtu mmoja mwenye maikrofoni angemtendea Koa haki kuliko walivyomtendea waandishi wake.

Kuhusu dinosaria kama dinosaria, nina mengi, nitapunguza. Jina lenyewe la filamu limesimama kwenye hesabu ya zamani. Wataalamu sasa wanaweka mwisho wa dinosaria kwenye miaka milioni 66 iliyopita. Hilo nawasamehe, 65 ni jina linaloshikika. Nisilowasamehe ni maumbo. Tangu mwaka 1996, alipotangazwa Sinosauropteryx wa China, dunia inajua kwamba baadhi ya dinosaria wala nyama walikuwa na manyoya ya awali, na baada yake wamepatikana wengi. Anayemtazama yule hondohondo mkubwa anayetembea ardhini, anavyoinua mguu, anavyogeuza shingo, anavyomkamata nyoka na kumpigapiga chini, haoni shida kuamini hilo. Filamu ya mwaka 2023 ilikuwa na nafasi ya kutuonyesha kitu ambacho hatujakizoea kwenye sinema. Imetupa ngozi tupu, meno, mate, na jitu moja linalokimbia kwa miguu minne ambalo halifanani na mla nyama yeyote mkubwa ninayemjua wa zama zile. Wangekuwa viumbe wa sayari ya kubuni, hadithi isingebadilika hata kidogo, na hilo ndilo tatizo. Ukishasema hapa ni duniani, umetuahidi dunia.

Nasema haya kama mtu wa Lindi. Kilima cha Tendaguru kiko kaskazini-magharibi mwa mji wetu. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walifukua pale mifupa yenye uzito wa zaidi ya tani 200, na watu wetu ndio waliochimba, waliofunga, waliobeba kwa vichwa na mabega mpaka bandarini. Yule mkubwa kuliko wote, Giraffatitan, amesimama hadi leo kwenye jumba la makumbusho Berlin, urefu wake kwenda juu ukizidi mita 13, na bungeni kwetu wameshadai mara kadhaa mjusi wetu arudi au angalau faida yake irudi. Msimamizi mmoja wa wachimbaji wale, Boheti bin Amrani, alikuwa na jicho kali la mifupa kiasi kwamba mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina kwa heshima yake, Australodocus bohetii. Hao wa Tendaguru waliishi miaka kama milioni 150 iliyopita, hawakuwahi kukutana na Tyrannosaurus, aliyekuja baadaye sana na ambaye mifupa yake hupatikana Amerika Kaskazini. Siombi wawemo kwenye filamu. Naomba tu ule mtazamo wa wachimbaji wale: kwamba huyu ni mnyama, alikuwa na uzito, alitembea mahali fulani, alikula kitu fulani, na mfupa wake mmoja unahitaji wanaume kadhaa kuunyanyua. Ndani ya 65 hakuna dinosaria mwenye uzito huo. Wanatua na kuruka bila ardhi kulalamika.

Kimondo nacho kilistahili zaidi. Watanzania wengi wanakijua kimondo cha Mbozi, kina urefu wa kama mita tatu, na ukisimama kando yake unakosa la kusema. Kile kilichoangukia Chicxulub, Mexico, kinakadiriwa kuwa na upana wa kilomita kama kumi, na shimo lake lina upana wa kilomita kama 180. Filamu inakitumia kama saa ya kuhesabu muda, kisha kama fataki za mwisho. Mills anakigundua, anakazana, vipande vidogo vinaanza kuanguka, wanafika kwenye chombo, wanyama wakubwa wanakuja, chemchemi ya maji moto inafanya kazi yake, wanaruka, kimondo kinapiga. Pambano lile la mwisho limepangwa vizuri kwa macho, nakiri. Koa ana mchango ndani yake na nilifurahi. Lakini tumeshajua mapema, kwa maandishi kwenye skrini, kwamba hapa ni duniani na ni lini, kwa hiyo mshangao pekee ambao hadithi hii ilikuwa nao ulitumika kabla hatujakaa vizuri. Ningewaacha Mills na watazamaji wafikiri ni sayari ngeni. Ningewaonyesha usiku mmoja mwezi wetu, mzima, juu ya miti, na nisingesema neno.

Mtu ataniambia, kaka, hii ni burudani ya dakika 93, unataka nini? Nataka burudani. Kwenye matembezi yetu hakuna anayekimbizwa, na wageni wanarudi kambini mikono ikitetemeka kwa furaha, kwa sababu walikaa nusu saa nyuma ya kichuguu wakisikia nyati wakitafuna. Hofu iko kwenye kungoja. Beck na Woods wanalijua hilo, waliwahi kulifanyia kazi. Hapa walikuwa na mwigizaji wa kulibeba, mtoto wa kulibeba, na dunia nzima isiyo na binadamu, wakaogopa kwamba tutachoka tukikaa kimya dakika mbili.

Kwa anayetaka kuitazama hata hivyo: itazame usiku, sauti iwe kubwa kiasi, kwa sababu sauti za miti na maji zimerekodiwa vizuri zaidi kuliko zilivyotumika. Usiangalie tangazo lake kwanza. Watoto wa shule ya msingi wa madarasa ya juu wataimudu, ila wadogo zaidi ya hapo wapishe kile kipande cha mdudu na kile cha lami, na jua kwamba mwanzoni, baada ya ajali, Mills anakata tamaa ya kuishi na anaelekea kujiua, jambo ambalo mtoto atakuuliza. Nyota mbili kati ya tano, moja ya Ariana Greenblatt na moja ya yule dinosaria mchanga kwenye lami.